Kupima dawa za kuua bakteria kwa kutumia Shewanella oneidensis MR-1: mwongozo kamili wa maabara

Shewanella oneidensis MR-1 ni bakteria wa majini anayeweza kupumua metali. Oksijeni ikimwishia, hupitisha elektroni zake kwenye mnyororo wa saitokromu hadi nje ya utando wa seli, akazikabidhi kwa chuma au manganizi iliyo pembeni yake. Charles Myers na Kenneth Nealson walimweleza mwaka 1988 baada ya kumpata kwenye matope ya Ziwa Oneida, jimbo la New York, Marekani. Jina lake la sasa alipewa mwaka 1999, na jenomu yake ilichapishwa mwaka 2002.

Kwa mpimaji wa dawa, faida yake ni moja: upumuaji wake unaonekana kwa macho na kupimika kwa rangi. Bakteria wengi hukupa jibu la swali moja tu, kama wameota au hawakuota. Huyu hukupa majibu mawili, kama ameota na kama bado anapumua, na majibu hayo hayalingani kila mara. Dawa inaweza kuzuia ukuaji kabisa huku seli zikiendelea kuredusi chuma, yaani kukipa elektroni, kwa saa kadhaa. Anayechanganya vipimo hivi viwili hutoa ripoti isiyo sahihi hata kama pipeti zake hazina kasoro. Kwa hiyo amua kabla ya kuanza: unauliza juu ya ukuaji au juu ya upumuaji?

Jambo lingine la kuweka wazi mapema ni kwamba huyu si bakteria wa hospitali. Hakuna jedwali la mipaka ya tiba lililotungwa kwa ajili yake, kwa hiyo usiandike kwamba "anasikia dawa" au "ni sugu" kwa maana ya kitabibu. Andika MIC (kiwango cha chini kabisa cha dawa kinachozuia ukuaji), joto, mchuzi (maji ya chakula cha bakteria) na muda, ukomee hapo. Anafaa kama mwakilishi wa bakteria wa maji na matope unapopima metali, chembe nano, viuatilifu au mabaki ya antibiotiki yanayoingia kwenye mazingira.

Kumpata, kumwotesha na kuhakikisha ni yeye

Agiza MR-1 kutoka benki ya vimelea inayotambulika. ATCC, benki ya Marekani, humtunza kwa namba 700550. Hufanyiwa kazi katika usalama wa ngazi ya 1. Usimbadilishe na ndugu zake S. algae au S. putrefaciens kwa kuwa tu wapo kwenye friji. Hao wameripotiwa kuambukiza binadamu, hasa kupitia vidonda vilivyogusana na maji, na matokeo yao hayawezi kusimama badala ya yake.

Weka akiba kwenye gliseroli 20% kwa nyuzi −80. Kwa kazi ya wiki, chora mistari kwenye agari ya LB (chakula cha kawaida cha bakteria maabarani) na uoteshe kwa nyuzi 30 za Selsiasi kwa saa 24 hadi 48. Makoloni ni ya mviringo, laini, na yana rangi ya waridi hafifu inayoelekea kahawia. Rangi hiyo ni ya saitokromu zenyewe. Ukizungusha mchuzi wa usiku mzima kwenye sentrifuji, donge la chini linapaswa kuwa na wekundu unaoonekana bila kubahatisha. Donge jeupe kama la E. coli ni ishara ya mojawapo ya mambo mawili: ama umechafua, ama seli zimepata hewa nyingi mno na kuvunwa mapema kabla hazijajenga saitokromu za kutosha.

Vipimo vya haraka vya utambulisho ni Gram hasi (kwa rangi ya Gram), oksidesi chanya na katalesi chanya, pamoja na weusi wa salfaidi kwenye agari ya TSI (yenye sukari tatu na chuma). Hachachushi sukari. Mtu aliyezoea bakteria wa tumboni akimpa glukosi asubiri ukuaji bila oksijeni atasubiri bure. Chakula chake ni lakteti, na bila oksijeni lazima apewe kipokezi cha elektroni kama fumareti, naitreti au chuma.

Kosa linaloongoza kwa wanaoanza ni joto. Inkubeta za kupimia dawa huwa zimewekwa nyuzi 35 au 37. MR-1 hupenda 30, na kwenye 37 huota vibaya au haoti kabisa. Sahani ambayo kidhibiti chake (kisima cha bakteria bila dawa) hakikuota usiku kucha mara nyingi haina tatizo lolote la dawa wala mchuzi. Iliwekwa tu kwenye inkubeta ya jirani.

Kupima MIC kwenye sahani ya visima 96

Msingi ni mbinu ya kawaida ya kuzimua dawa kwenye mchuzi, ikiwa na mabadiliko mawili: joto la nyuzi 30 badala ya 35, na kusoma baada ya saa 24 badala ya 16 hadi 20. Tumia mchuzi wa Mueller-Hinton uliorekebishwa kalsiamu (20 hadi 25 mg/L) na magnesiamu (10 hadi 12.5 mg/L). LB haifai hapa, maana madini yake hayadhibitiwi na polimiksini pamoja na aminoglikosaidi (kundi la gentamisini na kanamaisini) huathirika sana na madini hayo.

Pima dawa kwa nguvu halisi ya unga. Uzito kwa miligramu ni ujazo kwa mililita, mara ukolezo unaotaka kwa µg/ml, gawanya kwa nguvu ya unga kwa µg/mg. Kwa mfano, ukitaka 10 ml za 1280 µg/ml kutoka kwenye gentamisini yenye nguvu ya 640 µg/mg, unapima 20 mg. Anayepima 12.8 mg kwa kudhani unga ni dawa tupu hupata MIC iliyo juu kuliko ukweli, na kosa hilo huonekana kama usugu.

Halafu endelea hivi:

1. Weka 50 µl za mchuzi kwenye safu ya 2 hadi ya 11, na 100 µl kwenye safu ya 12, ambayo itabaki bila bakteria.
2. Weka 100 µl za dawa kwenye safu ya 1, ukolezo ukiwa maradufu ya ule wa juu unaoutaka. Ukitaka kuanzia 32 µg/ml, weka ya 64.
3. Hamisha 50 µl kutoka safu ya 1 kwenda ya 2, changanya kwa kuvuta na kusukuma mara tano au sita, badilisha ncha ya pipeti, endelea hadi safu ya 10, kisha mwaga 50 µl za mwisho. Safu ya 11 haipati dawa. Hiyo ndiyo kidhibiti cha ukuaji.
4. Chukua makoloni matatu hadi matano ya siku moja, yayeyushe kwenye maji ya chumvi 0.85% hadi ufikie ukungu wa McFarland 0.5. Zimua mara 100 kwenye mchuzi.
5. Weka 50 µl za mbegu hiyo kwenye safu ya 1 hadi ya 11 ndani ya dakika 30 tangu uitengeneze. Sasa safu ya 1 ina 32 µg/ml, ya 10 ina 0.0625, na kila kisima kina bakteria kama 5 × 10⁵ kwa mililita.
6. Funika, weka ndani ya mfuko wenye unyevu, usipange sahani zaidi ya nne kwa kupandanisha, otesha nyuzi 30.

Hatua ya 4 ina mtego. McFarland 0.5 ni kipimo cha ukungu, na uhusiano wake na idadi ya seli ulijengwa kwa bakteria wengine. Ukubwa wa seli za MR-1 hubadilika kulingana na umri wa koloni. Kwa hiyo hesabu kila mara: mara tu baada ya kuweka mbegu, chukua 10 µl kutoka kisima cha safu ya 11, zimua kwenye 10 ml za maji ya chumvi, tandaza 100 µl kwenye agari. Makoloni kama 50 yanaonyesha uko sawa. Ukipata 10 au 250, rekebisha ukungu wa kuanzia na urudie, usijaribu kukokotoa marekebisho kwenye karatasi.

Pamoja naye pima E. coli ATCC 25922 kwenye sahani mbili, moja kwa nyuzi 35 na nyingine kwa 30. Ile ya 35 ndiyo inayothibitisha dawa zako: gentamisini iangukie kati ya 0.25 na 1 µg/ml, tetrasaiklini 0.5 hadi 2, kloramfenikoli 2 hadi 8. Ile ya 30 inakuonyesha joto peke yake limehamisha namba kiasi gani. Bila sahani hiyo ya pili, mtu akikuuliza kama tofauti uliyoiona ni ya bakteria au ya inkubeta, hutakuwa na jibu.

Wakati wa kusoma usitegemee mashine ya kupima ukungu peke yake. MR-1 akikaa bila kutikiswa hujenga utando mwembamba juu ya mchuzi, pale hewa inapogusana na maji. Kisima kinaweza kuwa na utando huo huku maji ya chini yakionekana safi, na mashine inayopiga mwanga katikati ikasoma karibu na sifuri au ikaruka ovyo kati ya visima pacha. Inua sahani, itazame kwa chini kwenye mwanga wa mshazari, kisha itikise polepole kwenye kitikisio kwa dakika moja kabla ya kuipeleka mashineni. Visima vya pembezoni hukauka kwanza. Vijaze maji safi kama nafasi inaruhusu.

Kwa dawa za jamii ya penisilini na karbapenemu, kumbuka kwamba MR-1 ana jeni za bete-laktamesi, vimeng'enya vinavyovunja dawa hizo, kwenye kromosomu yake. Mojawapo ni OXA-54, iliyoelezwa mwaka 2004, ndugu wa karibu wa OXA-48 inayosumbua hospitalini. Ongeza mbegu mara kumi na MIC inaweza kupanda kwa sababu kimeng'enya kimeongezeka pamoja na seli. Pima mbegu mbili, 5 × 10⁵ na 5 × 10⁶, na uripoti zote. Na kama unamtumia kwa kazi za jeni, ampisilini ni alama mbaya ya kuchagulia. Kanamaisini kwa 50 µg/ml hufanya kazi hiyo bila ubishi.

Mbinu ya vidonge vya karatasi kwenye agari inafaa kwa uchunguzi wa awali tu. Majedwali ya kipenyo yametungwa kwa nyuzi 35 na kwa bakteria wengine, kwa hiyo milimita zako zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe.

Kupima upumuaji kwa chuma

Hapa ndipo bakteria huyu anapojilipia. Chuma cha feri, Fe(III), kikipewa elektroni huwa Fe(II), na Fe(II) ikikutana na ferozini hutoa zambarau kali inayosomwa kwenye nanomita 562. Kasi ya zambarau ni kasi ya upumuaji.

Kishawishi kikubwa ni kuchanganya dawa, bakteria na chuma kwenye kisima kimoja na kusubiri rangi. Usifanye hivyo. Siprofloksasini na tetrasaiklini hushikana na Fe(III), kwa hiyo dawa iliyo huru hupungua na unapima dawa isiyokuwepo. Dondoo za mimea ni mbaya zaidi: polifenoli zake, kama ilivyo vitamini C, zinaredusi chuma zenyewe bila msaada wa kiumbe yeyote. Dondoo iliyoua kila seli inaweza kutoa zambarau kuliko kidhibiti. Tenga kazi mbili: kwanza seli zikutane na dawa mahali pasipo na chuma, kisha zioshwe, ndipo zipewe chuma.

Tayarisha vitu hivi siku moja kabla. Bufa ya kazi, yaani kimiminika kinachoshikilia pH, ni HEPES 30 mM na NaCl 30 mM, pH 7.0, yenye sodiamu lakteti 20 mM. Sitreti ya feri ya 100 mM hutengenezwa kwa gramu 2.45 kwenye 100 ml. Haiyeyuki kwa maji baridi. Ipashe moto hadi karibu kuchemka huku ikikorogwa, iache ipoe, ndipo upandishe pH hadi 7 kwa NaOH tone kwa tone. Ukimwaga NaOH kwa haraka, chuma kitaanguka kama matope mekundu. Unga wa dukani hubeba maji kwa viwango tofauti, kwa hiyo hakiki chuma chote kwa kukiredusi na haidroksilamini kwenye asidi kisha kukisoma kwa ferozini. Funga chupa kwa karatasi ya alumini. Mwanga huredusi sitreti ya feri wenyewe, na chupa iliyokaa dirishani mchana kutwa huja na Fe(II) tayari kabla hujaongeza bakteria.

Ferozini: 1 g/L kwenye HEPES 0.5 M, pH 7.0, ambayo ni gramu 11.9 za HEPES kwa 100 ml. Mapishi mengi yanataja HEPES 50 mM, na ni sahihi pale sampuli ndogo ya asidi inapoingia kwenye ujazo mkubwa, kama 0.1 ml ndani ya 5 ml. Ukiihamishia kwenye sahani ya visima, 20 µl za asidi ndani ya 180 µl, bufa hiyo inazidiwa, pH inaporomoka na zambarau inapotea. Watu hubadilisha bakteria, hubadilisha chuma, wakati tatizo ni bufa ya ferozini tu.

Seli: otesha 50 ml za LB kwa nyuzi 30, mzunguko wa 150 hadi 200 kwa dakika, saa 16. Zungusha kwa 5000 × g dakika 10, osha mara mbili kwa bufa ya kazi isiyo na lakteti. Angalia wekundu wa donge.

*Kukutana na dawa.* Weka seli kwenye bufa yenye lakteti hadi OD (kipimo cha ukungu wa seli) ya nanomita 600 ifike 0.2, 10 ml kwa kila mrija, ongeza dawa na utikise kwa nyuzi 30. Kwa dawa zinazovunja utando au kuziba upumuaji, saa 1 inatosha. Kisha zungusha, osha mara moja, rudisha kwenye 1 ml ya bufa. Usisawazishe OD kati ya mirija baada ya hapo. Seli zilizopasuka ni sehemu ya matokeo. Ukizirudishia idadi unafuta athari uliyokuwa unaitafuta.

*Kupewa chuma.* Chukua vichupa vya glasi vyenye vizibo vya mpira wa butaili, weka ndani 9.5 ml za bufa yenye lakteti na sitreti ya feri 5 mM, pitisha naitrojeni dakika 20 hadi 30 na uzibe. Ingiza 0.5 ml za seli kwa sindano iliyosuuzwa kwa naitrojeni. OD inakuwa kama 0.1. Weka gizani, nyuzi 30.

*Kusoma.* Kwa dakika 0, 15, 30, 60 na 120, vuta 0.1 ml na uiingize papo hapo kwenye 0.9 ml za HCl 0.5 M. Papo hapo, kwa sababu Fe(II) kwenye pH 7 huoksidishwa na hewa haraka, lakini kwenye asidi hutulia. Kisha 20 µl za mchanganyiko huo kwenye 180 µl za ferozini, soma ndani ya dakika chache. Mstari wa kulinganishia tengeneza kwa ferasi amonia salfeti, yaani ya Fe(II), 0.392 g kwenye 100 ml za HCl 0.5 M, ambayo ni 10 mM, ukiizimua kwa asidi ileile hadi 0.05, 0.1, 0.2 na 0.5 mM.

Kasi ichukuliwe pale mstari ulipo mnyoofu, kabla kidhibiti hakijamaliza nusu ya chuma. Kidhibiti kikimaliza chuma chote ndani ya saa moja, seli zako ni nyingi, punguza OD. Vinginevyo utalinganisha mrija uliofika mwisho na mrija unaokaribia mwisho, na dawa kali itaonekana dhaifu.

Vidhibiti visivyoachwa ni hivi: seli bila dawa, chuma bila seli, chuma na dawa bila seli, seli zilizouawa kwa joto, na seli bila lakteti. Kile cha mwisho hudharauliwa sana, na ndicho kinachoonyesha seli zilikuja na akiba kiasi gani ya chakula kutoka kwenye LB. Ukiweza kupata mutanti asiye na MtrC na OmcA, saitokromu za nje ya seli, muongeze. Huyo huota kawaida kwenye oksijeni lakini karibu hana uwezo wa kuredusi chuma, kwa hiyo anathibitisha kwamba zambarau yako inapita kwenye njia unayoitaja.

Sasa maana ya namba. Kloramfenikoli na kanamaisini huzuia utengenezaji wa protini. Seli iliyokwisha kujenga saitokromu zake haihitaji protini mpya ili iendelee kupumua kwa muda, hivyo kwenye jaribio la saa moja dawa hizi huonekana kama hazifanyi kitu, ingawa MIC yake ni ndogo. Hilo si kosa la jaribio. Polimiksini B na ayoni za fedha, zinazoshambulia utando na vimeng'enya, hushusha kasi mapema. Ukitaka kupima dawa za kundi la kwanza kwa chuma, ziache seli zikue kwanza pamoja na dawa, kwenye mchuzi wenye lakteti 20 mM na fumareti 40 mM bila oksijeni, usiku mzima, ndipo ufuate hatua za kuosha na kupewa chuma. Na hapo ujue kwamba aminoglikosaidi huingia kwenye seli kwa shida pasipo oksijeni. MIC ya bila hewa ikipanda, si lazima bakteria awe amebadilika.

Rezazurini, rangi ya buluu inayogeuka waridi, ni njia ya mkato inayopendwa. Kwa MR-1 itumie kwa tahadhari: bakteria anayeredusi kwa nguvu huisukuma rangi ile kupita waridi hadi isiwe na rangi kabisa, na kisima chenye uhai mwingi kikasomwa kama kisicho na kitu. Soma kila dakika 10 tangu mwanzo.

Chembe nano za fedha: anapotengeneza dawa, na anapopimwa nayo

MR-1 huredusi pia ayoni za fedha kuwa chembe ndogo za metali. Kazi iliyochapishwa mwaka 2010 ilieleza chembe za wastani wa nanomita 4, zilizojaribiwa dhidi ya E. coli, Bacillus subtilis na MR-1 mwenyewe.

Adui wa kwanza hapa ni kloraidi ya chumvi. LB na maji ya chumvi yamejaa kloraidi, na fedha ikikutana nayo huanguka kama unga mweupe wa AgCl. Osha seli mara tatu kwa maji yaliyotolewa ayoni au bufa ya MOPS isiyo na kloraidi, ongeza AgNO₃ hadi 1 mM, weka gizani nyuzi 30 hadi saa 48. Rangi hupanda kutoka njano hadi kahawia, na kilele cha ufyonzaji hujitokeza karibu na nanomita 400 hadi 420. Mrija wa AgNO₃ bila seli usibadilike. Ukibadilika, mwanga umeingia au vyombo ni vichafu.

Ondoa seli kwa 5000 × g, chuja kwa kichujio cha 0.22 µm, kisha safisha kwa kichujio cha sentrifuji cha kDa 10 (kDa ni kipimo cha ukubwa wa molekuli zinazopenya) au kwa dayalisisi. Chembe za nanomita 4 hazishuki vizuri kwenye sentrifuji ya kawaida, kwa hiyo anayemwaga maji ya juu akiamini amebaki na chembe mara nyingi amezimwaga. Pima fedha kabla na baada ya kuchuja, kwa AAS au ICP (mashine za kupima kiasi cha metali), kwa sababu kichujio nacho hushika sehemu. Usiingize chembe kwenye otoklevu, zitagandana. Tandaza 100 µl kwenye agari ya LB kuhakikisha hakuna MR-1 aliyepenya; akipenya, ataota kwenye visima vyako vya E. coli na utasoma MIC ya kiumbe mwingine.

MIC iandikwe kwa miligramu za fedha kwa lita, si miligramu za "chembe". AgNO₃ 1 mM ina fedha 107.9 mg/L. Kila sahani iwe na safu ya AgNO₃ kwenye mchuzi uleule, na safu ya maji yaliyopita kichujio cha kDa 3. Maji hayo hubeba ayoni zilizovuja bila chembe. Yakiua sawa na chembe zenyewe, basi unachopima ni ayoni.

MR-1 akiwa ndiye anayepimwa na fedha, mbegu huamua matokeo kuliko kwa dawa yoyote iliyotajwa hapo juu, maana kila seli inaondoa sumu kwenye maji kwa kuiredusi. Badala ya kutazama ukungu, hesabu seli hai kwa saa 0, 1, 4 na 24. Zimua kwenye maji yenye sodiamu thioglikoleti 0.1% ili kusimamisha fedha, na uwe umehakikisha mapema kwamba thioglikoleti hiyo peke yake haipunguzi makoloni. Mabaki yote ya fedha yaende kwenye chombo chake cha taka. Mabaki mengine yachemshwe kwenye otoklevu kwa nyuzi 121, dakika 20.

Ukiwa na potenshiostati, kifaa cha kushikilia volti ya elektrodi

Elektrodi ya kaboni iliyowekwa +0.2 V dhidi ya Ag/AgCl huchukua nafasi ya chuma, na mkondo wa umeme unakuwa kipimo cha upumuaji cha dakika kwa dakika. Lakteti 20 mM, naitrojeni mfululizo, subiri mkondo utulie kabla ya dawa. Usibadilishe mchuzi wakati wa kuongeza dawa. MR-1 hutoa flavini zinazobeba elektroni kwenda kwenye elektrodi, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kuziondoa pamoja na mchuzi hushusha kasi kwa zaidi ya 70%. Mporomoko huo unafanana kabisa na wa sumu. Ingiza dawa kwa ujazo mdogo, chini ya mia moja ya ujazo wa chombo, na kabla yake ingiza kiyeyushi peke yake kwa ujazo uleule, usubiri angalau dakika 30 uone mkondo unafanya nini.